Mwalimu wa Jikoni

Kila asubuhi msichana Kinga alikamua mbuzi wao, akapeleka maziwa kwenye nyumba ya watawa ya kijiji chao, Lipowiec, kisha akabaki jikoni kusoma pamoja na wenzake. Shule yao ilikuwa imefungwa. Wajerumani walioiteka Polandi vitani walipiga marufuku watoto kufundishwa historia na jiografia ya nchi yao, na aliyekaidi alifungwa.

Mwalimu wao alikuwa Bruda Medard, mtawa wa Kifransisko na mpishi wa nyumba hiyo. Alifundisha huku akikoroga supu ya shayiri.

"Witek, taja mto mrefu kuliko yote nchini mwetu."

"Ni... ni... Bruda, supu inafurika!"

"Mto Supu Inafurika? Huo sijawahi kuuvuka!"

Watoto waliangua kicheko.

Siku moja ya theluji, Bruda akiwa ameenda kuokota kuni ukingoni mwa msitu, lori lilisimama mlangoni. Askari waliingia jikoni kwa kishindo. Mezani waliona ramani ya Polandi iliyochorwa kwa chaki.

"Nani anawafundisha?" ofisa wao aliuliza.

Watoto walisogeleana.

"Msiposema, tutawachukua mama zenu."

Kupitia dirishani Kinga alimwona Bruda amesimama na mzigo wa kuni, akilitazama lile lori. Msitu ulikuwa nyuma yake tu. "Kimbia, Bruda," aliomba moyoni. Kisha akamwambia ofisa, "Nimechora mimi."

Mlango ulifunguliwa. Bruda Medard aliingia, akatua kuni zake, akakung'uta theluji kwenye kanzu yake ya kahawia.

"Huyu hata kuku hajui kuchora," alisema. "Mwalimu ni mimi. Waacheni watoto waende kwao."

"Unajua adhabu yake?"

"Niliijua tangu siku ya kwanza."

Walipokuwa wakimfunga mikono, alimwinamia Kinga. "Asante, binti yangu. Lakini mzigo huu ni wangu. Wewe endelea kusoma."

Majira ya kuchipua, mfungwa mmoja aliyeachiliwa alileta habari kwamba Bruda amefia katika kambi ya wafungwa ya Wajerumani. Mkate wake alikuwa akiwapa wagonjwa, na hadi siku za mwisho aliwafundisha vijana wafungwa kusoma. Lipowiec nzima ililia. Wazazi wengi walisema basi, masomo yaishe.

"Mama, mimi sitaki yaishe," Kinga alisema. "Wadogo naweza kuwafundisha mwenyewe."

Mama yake, Apolonia, alikuwa na hofu, na hakuificha. Hata hivyo alichukua ufagio, akaenda kusafisha banda la mbuzi. "Waite humu wawili wawili," alisema. "Mimi nitalinda mlango."

Vita vilipokwisha na shule kufunguliwa, mwalimu mpya aliwapima watoto wa Lipowiec. Alishangaa: hakuna hata mmoja aliyepaswa kuanza upya darasa la kwanza.

Jioni ile Apolonia aliwakusanya watoto mbele ya nyumba ya watawa.

"Bruda angeweza kukimbia, sisi tukalipia," alisema. "Hakukimbia. Mtu mkweli hukiri alilolitenda hata kama litamgharimu, wala hamtwishi mwenzake mzigo wake. Muwe hivyo. Na mtu akiwauliza mlisoma wapi, msione haya kusema jikoni. Tembeeni kifua mbele, wanangu. Si kila mtoto amefundishwa na shujaa."