Kura ya Marehemu Hynek

Jioni ile nilitumwa kuchukua fidla ya mtu aliyekufa.

Ilikuwa saa kumi na nusu, Novemba, na mji wote wa Brno umeshawasha taa. Nilishuka kwenye tramu nikapanda ngazi hadi kwa Bibi Libuše, mjane wa Hynek. Huyo Hynek ndiye aliyeanzisha kundi letu la wanne: fidla mbili, viola iliyo kubwa kidogo kuliko fidla, na selo kubwa inayosimamishwa sakafuni. Alishakufa zamani. Kundi limetimiza miaka sitini na miwili, na bado linamwomba ushauri.

Watu wanne wakipigiana kura, mara nyingi wanagawana wawili kwa wawili. Kwetu ikifika hapo, kura ya tano ni ya Hynek. Fidla yake inawekwa mezani, kasha wazi. Kila mmoja anapiga uzi mnene wa chombo chake, mara moja tu, akianza yule anayeshtakiwa. Fidla ikimwitikia mtu kwa kuvuma yenyewe, huyo anaondoka. Ilishafanyika mara mbili. Wote wawili walioitikiwa waliondoka... na hakuna aliyeumaliza mwaka ule akiwa hai.

Safari hii alitakiwa aondoke mzee Vojtěch, fidla ya pili. Mkono wake ulikuwa umeanza kutetemeka. Oldřich, kiongozi wetu, alitaka aende. Radim wa selo akakubali, maana Oldřich akipiga chafya, Radim ndiye anayetoa leso. Mimi mwenye viola nilikataa. Vojtěch naye akanyoosha mkono pamoja nami, ikawa wawili kwa wawili.

"Nani safari hii?" Bibi Libuše alininong'oneza mlangoni, kasha mkononi.

"Mzee Vojtěch."

"Masikini..."

"Bibi, niambie ukweli. Kitu hiki kipo?"

Alinitia kasha mikononi. "Mume wangu hapendi kuchezewa, mwanangu." Kisha akafunga mlango.

Hapendi. Alisema hivyo, kana kwamba yuko chumbani anakunywa supu.

Kwenye tramu kasha lilikuwa mapajani mwangu. Lilinuka utomvu wa msonobari na udongo mbichi. Nikaanza kuwaza, na kadiri nilivyowaza ndivyo nilivyomshuku Oldřich. Ukiweka fidla mbili chumba kimoja na kupiga uzi wa moja, uzi kama huo kwenye ile nyingine unavuma wenyewe. Mtoto yeyote wa shule ya muziki anajua hilo. Na wale wawili wa zamani wote walikuwa wapiga fidla, nao ndio waliotangulia kupiga! Uchawi gani huo? Ule ulikuwa utapeli mtupu, na watu wamekufa kwa uchungu wa kufukuzwa. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto.

Chini ya ngazi za chumba chetu cha mazoezi nilifungua kasha. Nikavilegeza vigingi vyote vinne vya kukazia nyuzi hadi nyuzi zikaning'inia. Uzi uliolegea hauwezi kumwitikia mtu.

"Umechelewa, Kveta," Oldřich alinidaka mlangoni. "Au bibi kakulewesha na ile pombe yake ya plamu?"

"Wewe ungelewa hata kwa chai yake," nilimjibu.

Radim alicheka, mdomo umejaa mkate na mafuta ya nguruwe. Wakaenda jikoni kuchemsha kahawa, nami nikaliweka kasha mezani, nikawafuata kunawa mikono. Tuliporudi, mzee Vojtěch alikuwa amekaa kimya kando ya meza. Oldřich akafunua kasha; kutoka nilipokaa, kifuniko kilinizibia nyuzi.

Vojtěch akavuta upinde.

Kimya.

Nilifurahi kiasi kwamba nilijing'ata shavu nisicheke. Nimemwokoa mzee wangu! Oldřich akakunja uso. "Tuendelee," akasema. "Desturi ni wote wapige."

Akapiga yeye. Kimya. Akapiga Radim. Kimya. Nikabaki mimi.

Uzi mnene wa viola unashuka chini kuliko uzi wowote wa fidla. Fidla haina sauti hiyo. Nikapiga bila wasiwasi, nikainua upinde, nikaushika uzi wangu kwa kiganja ili unyamaze.

Sauti ikaendelea.

Mmmmm...

Ilitoka mezani. Sauti yangu, nzito vile vile. Chumba kikajaa harufu ya udongo. Kahawa ya Radim ilimwagika na hakuna aliyeinama kuifuta.

"Kveta..." Oldřich alinong'ona. Uso wake ulikuwa umepauka, midomo inamcheza. Tapeli haogopi mchezo wake mwenyewe. Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli.

Usiku kucha nilijifariji. Nililegeza nyuzi, basi huenda mmoja ulishuka mpaka ukalingana na wangu. Nilijiponza mwenyewe, wala hakuna mzimu. Asubuhi nikaenda kwa mzee Vojtěch kumweleza yote.

Alinisikiliza hadi mwisho, kichwa chini.

"Najua, mwanangu. Mlipokuwa jikoni nilifungua kasha. Nikakuta nyuzi zinaning'inia, nikajua ni wewe tu. Nikazikaza zote nne. Nikazilinganisha na zangu, nikizigusa polepole kwa kidole gumba msisikie."

"Mzee! Kwa nini?"

"Nimechoka. Nilitaka kwenda. Siku ile ya kura nilinyoosha mkono kwa sababu wewe ulinyoosha, nikaona haya kukuangusha."

"Kwa hiyo fidla ilikuwa sawa..."

"Sawa kabisa. Ilipaswa kuniitikia mimi."

"Basi aliyeniitikia ni nani?"

"Sijui, Kveta." Hakuniinulia macho. "Ila hakutumia nyuzi."

Oldřich ameshapata mpiga viola mwingine, msichana kutoka Ostrava. Radim akiniona barabarani anavuka ng'ambo. Leo ni tarehe kumi na tisa Desemba. Zimebaki siku kumi na mbili mwaka uishe, na naziogopa moja moja.