Panya Walioacha Kuogelea

Lori la viazi la Miraji lilikuwa limeshaiacha Njombe, linaitafuta Makambako, wakati Inspekta Odilo anainama mbele ya vizimba kumi na viwili vitupu vya panya, kwenye maabara ya utafiti mjini humo. Ilikuwa mwaka wa tisini na tatu.

"Kufuli halijavunjwa," alisema. "Na panya wa upande huu mbona wapo?"

"Hao ni ukoo mwingine," alijibu mtafiti, Daktari Rehana. "Tunalinganisha koo mbili, tuone upi unafanana na mtu mwenye sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito. Tunawatia kwenye pipa la maji. Hawa huogelea mpaka tuwatoe. Walioibwa hukata tamaa mapema, wanaelea tu. Kesho ilikuwa wauawe, tupime ubongo."

Odilo alichovya kidole kwenye maji ya panya waliobaki. Safi. Chakula kimejaa. Mwizi gani huwalisha aliowaacha?

"Nani anawahudumia?"

"Mama Ema. Vestina. Leo hajaonekana."

Mlinzi alikuwa amemwona alfajiri akipanda lori, kikapu kimefunikwa blanketi.

Odilo na polisi wenzake walilikuta lori sokoni Makambako, linashusha viazi. Vestina alikuwa amekaa juu ya gunia, kikapu mapajani.

"Mama, funua."

"Polepole, afande. Wanasikia baridi."

Miraji alichungulia. "Kumbe panya? Mimi nikadhani vifaranga, hata nauli nikampunguzia."

"Nani kakutuma?" Odilo aliuliza.

"Hakuna."

"Unawapeleka wapi?"

"Sijui. Mbali na lile pipa."

"Kwa nini?"

Vestina alilivuta blanketi. "Ema wangu alikuwa hali chakula, haamki. Watu wako shambani, yeye kageukia ukuta. Nikasema uvivu. Nikamchapa, afande, kila asubuhi. Mwaka jana akajitupa mtoni."

Miraji alivua kofia.

"Juzi daktari akawaambia wageni: hawa si wavivu, ni ugonjwa, wamezaliwa nao. Mimi nimesimama pale na fagio. Na anayewatia majini ni mimi, kwa mikono hii. Ya Ema hakuna aliyeniambia."

Odilo alinyoosha mkono. "Nipe kikapu, mama."

Alimpa.

Vestina alifungwa miezi mitatu, na kazini hakurudishwa. Panya wawili walikufa njiani. Kumi waliuawa Ijumaa. Daktari Rehana aliandika kwamba ukoo ule unafaa kwa utafiti wa sonona. Miraji bado anabeba viazi. Odilo alihamishiwa Ludewa. Ema amezikwa Kidugala.