Tuta la Kotmiri, Queensbury

Haya yalimfika shangazi yangu Jokha, na yeye mwenyewe ndiye aliyenihadithia.

Ilikuwa Aprili 1999. Yeye na mumewe Himid walikuwa wamehamia Queensbury, London, kwenye nyumba yenye bustani ndogo nyuma. Wiki nzima shangazi alihudumia wazee wa watu. Jumamosi ilikuwa yake. Baridi ilipolegea akatoa jembe apige tuta la kotmiri. Jua lilikuwa limetoka. Binti yao Haifa, wa miaka sita, akiokota maua yaliyodondoka kwenye mtofaa.

Jembe lilipozama mara ya tatu, sauti ya kike ikasema, "Taratibu, mwanangu. Unaniumiza."

Akadhani ni jirani yake Bhanu, Mhindi aliyezaliwa Unguja. "Samahani, da Bhanu!"

Bhanu akachungulia dirisha la juu. "Jokha, unasema na nani?"

Himid alipohadithiwa, akapachimba mahali pale mpaka shimo likamfika kiunoni. Hakukuta kitu. Ila udongo ulikuwa na joto, kama godoro alilotoka mtu sasa hivi. Akafukia, akalirudisha tuta.

Jumamosi ya pili, mchana, shangazi alikuwa jikoni akamsikia Haifa anazungumza nje. Kwa Kiswahili. Mtoto yule Kiswahili alikielewa tu. Ukimsemesha, hujibu Kiingereza. Shangazi akasogea mlangoni.

Haifa alikuwa amelala kifudifudi juu ya tuta, sikio ardhini.

"Naam, bibi," alinong'ona. "Nakuja. Sogea nilale."

Shangazi akamkimbilia. Akamvuta. Hakuvutika. Mkono wake wa kulia ulikuwa umezama udongoni hadi kiwikoni.

Akavuta tena. Chini nako kukavuta.

Akasoma Ayatul Kursi. Akairudia. Mara ya tatu mkono ukachomoka ghafla, wote wawili wakaanguka chali. Haifa akauliza, kwa Kiingereza, mama analia nini. Hakukumbuka chochote.

Wiki ile ile waliihama nyumba. Lakini kwanza ilibidi wamfungue Haifa ngumi ya mkono ule, maana haikukunjuka mpaka Himid aliporudi kutoka kazini jioni ile. Wakaikunjua kidole kimoja kimoja.

Ndani mlikuwa na msuko wa mvi, mrefu, bila chembe ya udongo, ungali umelowa mafuta ya nazi.