Pango la Magunia Mawili

Kila mwanzo wa mwezi, Josephat alipeleka magunia mawili ya mchele kwenye stendi ya Buzuruga, Mwanza. Aliyapakia kwenye basi la Sirari. Mpakani yalilipiwa ushuru, kisha yakaendelea hadi Kisumu kwa Wilhelmina, mwenye nyumba wake. Hilo ndilo lilikuwa pango la nyumba aliyokaa. Josephat alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga, na Wilhelmina hakuuthamini mchele mwingine wowote. Gunia moja alikula na familia yake, la pili aliliuza.

Wilhelmina na mumewe Yeremia walihamia Kisumu mwaka 1992, biashara zilipofunguka, wakaanzisha duka la vitenge. Mama yake Wilhelmina, Bibi Odeta, alibaki Buzuruga katika chumba cha uani cha nyumba hiyo aliyopanga Josephat.

Mwaka 1994 ilikuja barua kutoka ofisi ya kodi. Bibi Odeta alikuwa amejifunza kusoma ukubwani. Aliisoma kwa kidole, neno moja moja. Alipofika kwenye neno "serikali" aliacha kusoma. Alifunga nguo zake ndani ya kanga, tayari kurudi kwao Nansio. Kisha akamwita binti yake.

Wilhelmina alifika Jumamosi asubuhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nyumba inachukuliwa. Mimi nimeshafunga mzigo."

"Nani kasema? Mimi nakaa Kenya, mama. Kodi ya serikali ya huku hainihusu. Tena sipokei hela, napokea mchele."

"Barua haikuuliza unakula nini," alisema Bibi Odeta.

Wilhelmina alicheka, lakini moyoni aliogopa. Mama yake hakuwa na mahali pengine pa kukaa mjini, na miguu ilikuwa inamuuma. Wakaenda kwa jirani yao Hellen, karani wa ofisi ya kodi. Walimkuta akimenya mihogo. Alisoma barua yote, hadi chini.

"Hapa hakuna anayefukuzwa," alisema. "Wanataka ueleze unapata pango kiasi gani."

"Lakini nimehama," alisema Wilhelmina.

"Wewe umehama, dada. Nyumba imehama?"

"Haijahama."

"Basi. Nyumba iko Mwanza, kwa hiyo pango lake linatoka Mwanza. Kodi yake inalipwa hapa, hata kama mwenyewe anakaa nchi nyingine."

"Na mchele?"

"Mchele ni pango pia. Tunauliza bei yake sokoni, tunaandika thamani yake. Kuna gharama uliyoingia kwenye nyumba?"

"Mwaka jana niliezeka upya paa la nyuma."

"Risiti zipo?"

Wilhelmina alimgeukia mama yake. Bibi Odeta ndiye aliyejibu. "Ziko kwenye mzigo wangu. Sikutaka kuziacha."

Hellen alifurahi. Alieleza kwamba matengenezo ya nyumba hupunguzwa kwanza kwenye pango, ndipo kodi hukadiriwa.

"Kisumu nao wakinidai?" Wilhelmina aliuliza.

"Kila nchi ina sheria yake. Nenda ofisi ya kodi ya huko, uwaulize. Lakini usiende mikono mitupu. Nenda na hati ya hapa inayoonyesha umelipa, usije ukatozwa mara mbili kwa pango lilelile."

Jumatatu walikwenda ofisini. Wilhelmina alieleza ukweli wa miaka miwili. Alikutwa na deni, lakini risiti za paa zililipunguza, akaruhusiwa kulipa kidogo kidogo. Dawa ya deni kulipa, na Wilhelmina aliondoka pale akijisikia mwepesi.

Utaratibu wa pango nao ulibadilika. Kwa kuwa mwenye nyumba anakaa nje ya nchi, Josephat alielekezwa kukata sehemu ya pango kama kodi kila anapolipa, kuipeleka ofisini na kumpa Wilhelmina hati. Ili kodi ikatwe kwa urahisi, pango sasa lililipwa kwa fedha.

"Na mimi nitakula nini?" Wilhelmina alilalamika.

"Mchele upo," alisema Josephat. "Ila sasa utaununua, mama mwenye nyumba."

Hati ya kwanza ilipotoka, Wilhelmina alimpa mama yake aisome. Bibi Odeta aliweka kidole kwenye karatasi. Safari hii alipofika kwenye neno "serikali" hakuacha. Alisoma hadi mwisho: "Imepokelewa."

Akaingia chumbani, akafungua mzigo, akazitundika nguo zake ukutani moja moja. Kisha akajifunga ile kanga kiunoni, akaenda kupika wali.