Kivuli cha Jogoo

Msinitake niape. Aliyekufa ni dada yangu, tumbo moja, na mguu ninaochechemea nao ni wangu mwenyewe.

Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Ilikuwa Jumamosi, kijijini kwetu milimani Rodopi, plamu zimeiva, na shemeji yangu Orlin alikuwa chini ya nyumba yake, palipokuwa zizi la mbuzi, amezungukwa na gari. Nasema amezungukwa kwa sababu lilikuwa vipande. Milango ukutani, injini juu ya matairi, viti darini, skrubu kwenye makopo ya jibini. Alilinunua hivyo hivyo, gari jeusi la Kirusi la enzi za babu zetu, kwa mjane wa fundi bodi mmoja wa bondeni. Alitaka kulifufua kwa mikono yake. Kila mtu na wazimu wake, lakini wa Orlin ulikuwa umejaza nyumba.

"Shemeji, umeamka au umefufuka?" aliniita. "Njoo ushike hapa."

"Na mke wako utamfungua lini kwa spana? Naona ndiye pekee aliyebaki mzima humu."

Dada yangu Nevyana alicheka kutoka jikoni. Kicheko chake kilikuwa kikubwa kuliko yeye.

Orlin akawasha grenda, ile mashine ya kukatia chuma, akakata kizingiti cha chuma kilichooza chini ya mlango wa mbele wa gari. Ndani yake, mahali ambapo hapakai kitu ila kutu, palikuwa na uzi wa sufu. Mwekundu. Umeviringishwa ndani ya kitambaa chenye nta. Tuliunyoosha sakafuni. Ulikuwa na urefu wa mtu aliyelala.

Mama yake Orlin, Mama Rusa, alikuwa mlangoni na bakuli la plamu. Bakuli likaanguka.

"Rudisha," alinong'ona. "Hicho ni kivuli cha mtu."

Sisi sote tumekua tukisikia habari hizo. Waashi wa zamani, ukuta ukikataa kusimama, walimvizia mpita njia, wakapima kivuli chake kwa uzi, wakauzika uzi ule ukutani. Ukuta ukasimama. Mwenye kivuli hafikishi siku arobaini, na roho yake hubaki kuulinda ukuta dhidi ya yeyote atakayeugusa kwa ubaya. Lakini hizo ni habari za madaraja na minara ya kanisa.

"Mama, hili ni gari," Orlin alisema, akautupa uzi kwenye jiko la kuni.

Ulinuka nyama.

Tangu hapo gari likakataa. Alichokichomelea mchana, asubuhi alikikuta kimeachana. Mlango aliokuwa akiufunga kwenye bawaba ulijibamiza wenyewe, bila upepo, ukamkata vidole viwili. Viliangukia upande wa ndani. Siku ya kupandisha injini, mnyororo mpya ulikatika na injini ikaniangukia mguuni. Niliusikia mfupa kabla ya kusikia maumivu.

Mtu mwenye akili zake angeuza chuma chakavu. Orlin alinunua uzi mwekundu.

Nilimkuta alasiri moja amejibanza nyuma ya geti, anamsubiri mgawa barua apite. Nilimchapa gongo langu mgongoni. Akanigeukia, akanikaba koo, tukagaragazana kwenye changarawe, mimi na plasta yangu, yeye na bendeji yake inayovuja damu, mpaka Nevyana akatumwagia ndoo ya maji kama mbwa.

"Mnauana kwa sababu ya bati!" alifoka. "Orlin, ukimpima mtu, mimi narudi kwetu. Umenisikia?"

Ndipo Mama Rusa akaja na suluhu: apimwe jogoo. Kafara ya jogoo kwetu si jambo geni. Nyumba mpya huchinjiwa, hata trekta.

Jua lilikuwa linashuka. Jogoo hakutulia, na alikuwa anadonoa, kwa hiyo Nevyana akamnyanyua juu ya kichwa chake, akasimama katikati ya uwanja. "Tulia bwana," alimwambia, "unapimwa suti." Orlin akapiga goti. Akaweka ncha ya uzi penye kilemba cha jogoo, pale kivuli kilipoishia. Akauvuta. Akauvuta tena.

"Jogoo gani huyo, mrefu kama nguzo?" nilimuuliza.

"Jua la jioni, shemeji. Hata wewe leo u mrefu."

Tulicheka wote. Jogoo akachinjwa, akapikwa na wali, akaliwa. Uzi ukatiwa nta, ukawekwa kwenye kizingiti kipya, Orlin akauchomelea humo.

Asubuhi chuma kilikuwa kimeshika. Na Nevyana hakuweza kuinuka kitandani. Ubavuni, toka kwapani hadi nyongani, alikuwa na mstari wa kuungua, wenye matuta madogo madogo. Yale yale ya kuchomelea.

Mama Rusa aliutazama, akajipiga kifua. "Mmempima pamoja na aliyemshika."

Nilishuka ngazi kwa makalio, nikachukua grenda, nikaanza kukikata kile kizingiti niutoe uzi. Cheche ziliruka. Juu, dada yangu akapiga yowe. Nikazima. Damu ilikuwa inapenya kwenye mbao za dari. Tone. Tone. Juu ya mkono wangu.

Sikuweza kukata tena. Daktari aliushona ule ubavu, nyuzi zikaachia. Padri aliomba mpaka sauti ikamkauka. Nevyana akawa anapungua, na mimi nimekaa pembeni yake, sina la kufanya, naona uchungu mpaka nauma mto.

"Kaka," alininong'oneza siku ya mwisho, "huku kuna giza. Na harufu ya rangi."

Alikuwa kitandani kwake, dirisha wazi, jua usoni.

Tulimzika.

Siku ya arobaini, watu walipokwisha kula ngano ya kuchemsha ya kumkumbuka marehemu na kwenda zao, nilimkuta Orlin kule chini, amelewa gongo ya plamu, amekaa mbele ya gari, ambalo sasa lilikuwa limeungwa, injini ndani, matairi chini.

"Ulijua?" nilimuuliza.

Akanong'ona: "Niliona uzi umefika kwenye viatu vyake. Niliona, shemeji. Nikataka lisimame tu."

Nilitaka kumuua, nasema wazi. Lakini alikwisha kuinuka na nyundo kubwa. "Leo namtoa humo," akasema, akaishusha kwenye boneti.

Injini ikawaka.

Betri ilikuwa juu ya meza. Niliiona. Orlin alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mawe ya ukuta.

"Nevyana," alisema. "Ni mimi."

Gari likaja. Halikuja kwa kasi. Lilimbana kifuani, taratibu, mbavu zikalia moja moja, damu ikamtoka mdomoni ikamwagika juu ya boneti. Likarudi nyuma kidogo. Akapata pumzi. Likaja tena.

Nikaita jina la dada yangu kwa nguvu zangu zote. Injini ikazimika.

Polisi waliandika kwamba gari liliteleza, eti sakafu ina mteremko. Sakafu haina mteremko. Wanaume wanne walijaribu kulisukuma wautoe mwili, halikusogea. Walipofungua mlango, walikuta breki ya mkono imevutwa juu mpaka mwisho. Waya wa breki hiyo Orlin hakuwahi kuufunga. Ulikuwa bado unaning'inia kwenye msumari, na lebo yake ya dukani.

Mama Rusa hakutaka kuliona tena, nikalichukua. Watu wananishauri nilipeleke kwenye mashine, likakandamizwe liishe. Rahisi kusema. Wao hawakuishika ile grenda.

Liko kwangu, chini ya turubai. Kila mwaka kabla ya theluji naingia na tambara na mafuta, nafuta kile kizingiti polepole, kutu isimle. Huwa na joto. Namwambia habari za nyumbani, nani kaoa, nani kafa. Nikimaliza namfunika, namwambia lala salama, dada. Halafu natoka kinyumenyume, kwa sababu sithubutu kumpa mgongo.