Tiketi za Cheche

Asubuhi ya kwanza ya likizo ilimkuta Cheche akitambaa chini ya cherehani. Ndiyo kazi yake ya kila siku. Kabla mama yake hajaketi kushona, Cheche hupitisha sumaku sakafuni kuokota pini zilizodondoka, kisha hufagia nyuzi na vipande vya vitambaa. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho karakana ya ushonaji, na mteja akichomwa pini mguuni haulizi nani alifagia, humnunia fundi. Siku nyingine kazi hiyo huchukua muda mrefu, maana Cheche hupenda kujipima magauni ya watu mbele ya kioo. Leo aliimaliza chapuchapu. Binamu yake alikuwa njiani!

Jina la Cheche alibandikwa akiwa mdogo, kwa kuwa alikuwa hatulii hata akiwa usingizini. Binamu yake, mtoto wa mjomba, ukoo mzima ulimwita Profesa kwa sababu ya miwani yake na maswali yake yasiyo na mwisho. Profesa aliishi katikati ya jiji, kwenye ghorofa yenye lifti. Cheche aliishi pembezoni, kule ambako mabasi hugeuzia.

Furaha ya Cheche ilikuwa na mwiba mmoja ndani yake. Siku chache zilizopita, Profesa alimsimulia kwenye simu habari za vigari vya umeme vinavyogongana na sinema yenye viti vya kuegemea. "Na huingii bila tiketi," alimalizia. Wivu ukamshika Cheche. Akajibu bila kufikiri, "Kwani huku je? Huku kwetu kila kitu ni tiketi! Na mimi ninazo tele." Maji yakimwagika hayazoleki. Tangu siku hiyo, kila simu ya Profesa ilikuwa ni tiketi, tiketi, tiketi.

Profesa alishuka kwenye gari la baba yake akiwa amevaa viatu vinavyong'aa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu! Jamani, umerefuka! Nitakushonea suruali sasa hivi halafu jioni iwe imeshakuwa kaptula," alisema mama yake Cheche, na wote wakacheka.

Mjomba alipoondoka tu, Profesa akamvuta Cheche pembeni. "Ziko wapi?"

"Zinakuja," alisema Cheche. "Kunywa chai kwanza."

Mama alipokuwa amejifungia na mteja chumba cha pili kumpima, Cheche alichukua mabaki ya karatasi ngumu ambayo mama huchorea mitindo kabla ya kukata kitambaa. Akaikata vipande vidogo kwa mkasi wa meno wa mama, ukingo ukatoka kama msumeno. Akachovya kifungo kikubwa cha koti kwenye wino, akagonga muhuri. Kwa kweli zilipendeza. Ungepewa moja usingeuliza mara mbili.

"Mtembeze mwenzio," mama alisema walipoaga. "Lakini msivuke barabara kubwa."

Walianzia kwenye daraja la waenda kwa miguu linalopita juu ya reli. Cheche alitangulia mbio, akamgeukia Profesa ngazini na kunyoosha mkono. "Tiketi!"

Profesa akatoa moja kati ya zile alizopewa nyumbani, akampa. Cheche akaichana kona kwa meno.

"Mbona mkaguzi ni wewe?" aliuliza Profesa.

"Wananiamini," alijibu Cheche, na hakupepesa hata jicho.

Treni ya mizigo ilitokea kwenye kona. Cheche alimfundisha Profesa kuinua mikono yote miwili na kuishusha kama anayevuta kamba, maana dereva akiona hivyo hupiga honi. Waliinua, wakashusha, wakainua tena. Pooooo! Honi ililia chini ya miguu yao, daraja likatetemeka, na mabehewa yakaanza kupita, mekundu, ya kijivu, mengine yamepakia magogo. Profesa alirukaruka mpaka miwani ikamtoka puani. "Amepiga kwa ajili yetu! Cheche, amepiga kwa ajili yetu!" Kisha akatulia ghafla, akaangalia huku na huku. "Muda wetu haujaisha?"

"Bado," alisema Cheche, akashangaa kidogo kwa swali hilo.

Kutoka hapo walikwenda nyuma ya kiwanda cha mikate. Dirisha la jiko huwa wazi, na ukisimama juu ya jiwe unaona trei ndefu zikivutwa kutoka kwenye tanuri, mikate imejipanga imevimba mashavu. Mwokaji, ambaye watoto humwita Nyusi Nyeupe kwa sababu ya unga, huwauzia watoto mikate iliyovunjika kwa bei ya kutupa. Mama alikuwa amewapa sarafu, nao wakapata mkate uliokatika kichwa, wa moto, wakawa wanaurusha kutoka mkono hadi mkono. Hapo pia Profesa alitoa tiketi. Hapo pia alikula harakaharaka huku akiuliza kama wanaruhusiwa kubaki.

Wakiwa wanatafuna, ilifika kundi la watoto wa jirani, mbele yao Kidoti, msichana mwenye alama nyeusi shavuni na masikio yasiyopitwa na jambo.

"Hizo karatasi za nini?"

Cheche alimwangalia Kidoti, akamwangalia Profesa aliyekuwa anasikiliza kwa makini. Angeweza kucheka na kusema ni mchezo tu. Badala yake alisema, "Tiketi. Siku hizi kila mahali ni tiketi."

"Hata kesho kwenye bendi?"

"Hata kwenye bendi."

"Tunazipata wapi sasa?"

"Zimekwisha," alisema Cheche, akamshika Profesa mkono na kumvuta waondoke. Nyuma yao Kidoti alikuwa ameshaanza kusambaza habari.

Bendi hiyo ndiyo ilikuwa raha kubwa kuliko zote mtaani. Kila Jumamosi ya kwanza ya likizo, bendi ya matarumbeta ya mtaa hufanya mazoezi kwenye uwanja wa ukumbi wa jamii, na watoto huruhusiwa kushika kila chombo na kukipuliza mpaka mashavu yaume. Kiongozi wake ni Mama Tarumbeta. Siku za kazi yeye ni mkunga katika zahanati, na hupenda kuwaambia watoto, "Nyinyi wengi mimi ndiye niliyewapokea duniani. Nilisikia sauti zenu siku ya kwanza, kwa hiyo msiniambie hamjui kuimba!"

Usiku huo Profesa alilala akipigapiga mto kwa vidole. Alikuwa hataki kingine chochote ila kupiga ngoma kubwa ambayo Cheche alimsimulia.

Jumamosi walifika mapema, wakakuta ngoma zimeshapangwa na tarumbeta zinang'aa juani. Wanabendi walikaa wakisubiri. Wakasubiri. Uwanja ulikuwa mtupu. Watoto ambao kwa kawaida hujaa mpaka juu ya ukuta, leo hakuna. Mama Tarumbeta alikwenda langoni, akarudi.

"Wimbo wenyewe unahitaji watoto wa kuitikia," alisema, na uso wake ulikuwa umesawijika. "Labda wametuchoka. Ukumbi huu una watu wengine wanaoutaka Jumamosi. Tulipewa sisi kwa ajili ya watoto. Kama hawaji, itabidi tuwaachie. Jamani, tufunge masanduku."

Mpiga tromboni, ile tarumbeta ndefu ya kuvutwa, akaanza kukifungua chombo chake vipandevipande. Profesa alimgeukia Cheche, macho yamemtoka. "Wanaondoka? Na ngoma je?"

Moyo wa Cheche ulikuwa unadunda kuliko ngoma yoyote. Alijua kwa nini uwanja ulikuwa mtupu. Alijua peke yake. Angenyamaza, hakuna ambaye angegundua, ila bendi ingekwenda na isirudi.

Hapo ikasikika sauti kutoka nje ya uzio. Kidoti na wenzake walikuwa wamejibanza, pua zao zimepenya kwenye nyaya. "Mama Tarumbeta! Tunaweza kuangalia kutoka huku? Hatuna tiketi!"

"Tiketi gani?" aliuliza Mama Tarumbeta.

"Hii hapa!" alisema Profesa kwa fahari, akaitoa mfukoni, imenyooka bila hata kunjo moja. "Mimi ninayo."

Mama Tarumbeta aliipokea, akaigeuza, akaunusa wino. Watu wote wakawa wanamwangalia Profesa. Cheche hakuweza kuvumilia kuona binamu yake anaangaliwa hivyo.

"Ni yangu," alisema. Sauti ilitoka nyembamba kama uzi. "Nilizitengeneza mimi. Nilimwambia Profesa kwamba huku kwetu kuna tiketi, ili asituone hatuna kitu. Halafu nikawaambia na wao. Ni uongo. Hakuna tiketi, haijawahi kuwapo."

Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kwa hiyo hata treni ni bure?"

"Bure."

"Na kutazama mikate?"

"Bure."

"Mimi nilikuwa nahesabu muda!" alisema Profesa, na sasa sauti yake ilikuwa inatetemeka kwa hasira. "Kule kwetu muda wa tiketi ukiisha wanakutoa. Jana kutwa nilikuwa naogopa kutolewa. Hata mabehewa ya mwisho sikuyaangalia vizuri! Kumbe ningeweza kukaa mpaka jioni?"

Cheche hakuwa amefikiria hilo hata kidogo. Alidhani amempa mgeni wake siku nzuri zaidi, kumbe alimpunguzia. Machozi yakamjaa. "Nisamehe, Profesa."

Profesa alimpa mgongo. Alikuwa bado anaitazama ngoma.

Mama Tarumbeta alikohoa. Alikuwa amekasirika kweli, lakini kwenye kona ya mdomo wake kulikuwa na kitu kinachofanana na mpango. "Uongo wako umetembea mtaa mzima kwa miguu yake wenyewe," alisema. "Basi na ukweli utatembea. Jamani, vaeni mikanda! Wewe Cheche, mbele yangu. Na wewe mwenye miwani, unaiweza ngoma kubwa?"

"Ninaiweza!" alisema Profesa, ambaye hakuwahi kuigusa maishani mwake.

Wakatoka langoni, Kidoti na wenzake nyuma yao wakirukaruka. Pa-ra-pa-paa! Tarumbeta zililia, Profesa akaipiga ngoma, mara ya kwanza nje ya mapigo, mara ya pili nje kabisa, mara ya tatu sawasawa. Milango ikaanza kufunguka. Walipofika kwenye bomba la maji, Mama Tarumbeta aliinua mkono, bendi ikanyamaza, na watu wote wakamgeukia Cheche.

"Bendi ni bure!" alipaza sauti Cheche.

"Yote," alisema Mama Tarumbeta. "Sema yote."

Waliokuwa wakikinga maji walikuwa wameacha ndoo zao zinafurika. "Bendi ni bure! Tiketi nilizibuni mimi! Nilisema uongo!"

Mama mmoja akaangua kicheko. "Loo! Mimi mwanangu amelia jana kutwa ananidai tiketi! Wewe binti, utaniua!" Lakini alikuwa ameshamsukuma mwanawe barabarani, naye mtoto akakimbia kuingia kwenye msafara.

Kona ya pili ilikuwa rahisi kidogo. Kona ya tatu Cheche alikuwa anapaza sauti mpaka shingo inamtoka mishipa, na ajabu ni kwamba kila aliposema, kifua chake kilikuwa chepesi zaidi. Watoto walitoka kwenye vibaraza, kwenye foleni ya kinyozi, juu ya kuta. Mmoja alikuja amenyolewa nusu kichwa, kinyozi anamfuata nyuma na mashine mkononi. Mbele ya nyumba yao, mama yake Cheche alitoka na futi shingoni. Alisikia kila neno. Akarudi ndani kuzima pasi, akafunga mlango, akaufuata msafara.

Uwanja ulijaa mpaka watoto wengine wakakaa juu ya masanduku. Wimbo ukaanza, na ilipofika sehemu ya kuitikia, watoto waliitikia kwa kishindo hata njiwa wakahama paa la ukumbi. Mama Tarumbeta aliongoza huku amefumba macho na kutabasamu. Hakuna aliyezungumzia tena kufunga masanduku.

Mama yake Cheche alimkuta mwanawe amekaa peke yake kwenye ngazi za ukumbi. Akaketi karibu naye.

"Karatasi zangu za mitindo umezifanyia muhuri," alisema.

"Nisamehe, mama. Nilitaka Profesa ajue kwamba na sisi tuna vitu."

"Tunavyo. Mtazame pale." Profesa alikuwa amemkabidhi Kidoti kipigio cha ngoma, anamfundisha kwa ukali wa mwalimu wa zamani. "Wahenga walisema kizuri chajiuza. Umewaona watoto walivyokimbia? Hakuna aliyekuja kwa sababu ya tiketi. Uliona haya kwa kitu kisicho na aibu, ukaenda kuokota aibu ya kweli na kuiweka mahali pake. Na uongo wako haukukuumiza wewe peke yako. Karibu utunyang'anye bendi sote."

Cheche aliinamisha kichwa.

"Lakini leo ulipoulizwa hukukimbia, na hukumwachia binamu yako abebe lawama zako. Hapo nimefurahi." Mama alimpangusa uso kwa ncha ya kanga yake. "Jambo moja ulishike, mwanangu. Mjomba wako alipomuuliza Profesa anataka kwenda wapi likizo hii, hakutaja sinema wala vigari. Alisema, kwa Cheche. Hakuja kuona tiketi. Alikuja kukuona wewe."

Cheche akamkumbatia mama yake kiunoni. Alipoinua uso, Profesa alikuwa amesimama mbele yao anahema, jasho linamtiririka, viatu vyake vimejaa vumbi hadi kamba.

"Bado nimekasirika," alisema. "Lakini sasa ni zamu yako ya ngoma, na watu wanasubiri. Njoo upesi!"

Cheche akaruka juu na kumkimbilia.