Bonyezo la Pili

Mbeba maboksi alimpiga kikumbo Mshonaji katikati ya ujia wa wauza vifaa vya umeme, naye Mshonaji akaangukia meza ya Fundi kwa viwiko vyote viwili. Alivaa gauni la kijani alilolishona mwenyewe, limemkaa barabara kiunoni, na kwenye ukosi ilining'inia sindano aliyoisahau.

"Karibu, dada. Ila si lazima uingie kwa kichwa," Fundi alisema.

"Meza chafu hivi, nani angeingia kwa hiari?"

Fundi alicheka. Mshonaji hakucheka. Alitoa mkobani rimoti iliyofungwa kwa utepe, akaiweka kati ya vyuma.

"Ni ya kitanda cha mama. Mapafu yake yanajaa maji, akilala chali hapumui. Kichwa cha kitanda kinainuliwa na hii tu, na leo nimebonyeza mara kumi ndipo kikasikia. Waliokitengeneza walishafunga kiwanda. Ikifa hii, sijui nitafanyaje."

Mzaha ulimwisha Fundi. Alimweleza kuwa rimoti husema na kitanda kwa mwanga usioonekana kwa macho. Yeye angeunasa mwanga huo kwa kompyuta, auelewe, kisha aifundishe rimoti nyingine. Alisogeza kijicho cheusi kidogo kama punje ya dengu, kilichounganishwa kwa waya.

"Bonyeza cha kupandisha."

Alibonyeza. Kwenye kioo cha kompyuta ilijichora mistari, mirefu na mifupi.

"Imeingia?" Kwa wasiwasi alibonyeza tena, na mistari ikajichora upya.

Fundi alilinganisha. Ya pili ilitofautiana na ya kwanza kwa mstari mmoja tu, karibu na mwanzo.

"Mkono unakutetemeka, Mshonaji," alisema kwa upole, akaiweka kando ile ya pili. "Tutatumia ya kwanza. Sasa cha kushusha."

Wiki nzima rimoti kuukuu ilijikongoja nyumbani huku Fundi akiunda mpya, na kila jioni simu ya Mshonaji iliita.

"Umekula, mrembo?"

"Unaulizia tumbo langu au rimoti yako?"

"Rimoti haijanikosesha usingizi."

"Muongo wewe." Lakini alikuwa akitabasamu, na mama yake, ameegemea kitanda kilichoinuliwa, alimwona.

"Huyo fundi wako ana sauti nzuri," mama alisema. "Mlete nimwone sura."

Siku rimoti kuukuu ilipokata roho, Fundi alikuja mwenyewe, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa. Alimwamkia mama shikamoo, naye akaitikia marahaba kutoka kwenye kiti cha mikono alichokalishwa. Kitanda kilikuwa kitupu. Fundi alibonyeza kupandisha, kikapanda hatua moja. Akabonyeza kushusha, kikateremka hadi chini. Akapandisha, akashusha, akapandisha, akashusha. Kila mara kilitii.

"Mwanangu, Mungu akubariki," mama alisema.

Mafundi wana ugonjwa mmoja: kitu kikiwatii mara tatu, kwao kimepona. Fundi alirudi dukani akipiga mluzi.

Saa tisa alasiri Mshonaji alimlaza mama na kubonyeza. Kitanda kilipanda hatua moja. Akabonyeza tena. Kimya. Akabonyeza tena na tena. Alipobonyeza kushusha, kikateremka; akapandisha, hatua ile ile moja. Mama alihitaji hatua sita. Mshonaji alijaribu kumrudisha kitini, lakini mwili wa mama ulikuwa umelegea, mzito, ukimponyoka. Akampigia Fundi.

"Kimegoma! Kinapanda mara moja tu!"

"Laazizi, si nimekipima mbele yako? Mkono unakutetemeka. Elekeza vizuri."

"Naelekeza! Mama anakoroma!"

"Tulia kwanza. Rimoti ni nzima, wewe bonyeza taratibu tu."

Mshonaji alikata simu. Aliita gari la wagonjwa, kisha akajipenyeza nyuma ya mama, akamwegemeza kifuani kwake kwa saa nzima hadi gari lilipofika, akihesabu pumzi zake kwa sauti ili asilie.

Siku ya tatu, mama alifia hospitali.

Fundi alipiga simu mara nyingi. Ilipokelewa mara moja tu.

"Uliniambia mkono unanitetemeka," Mshonaji alisema, akakata.

Fundi alikaa mbele ya kompyuta akiwa hana hamu ya kula wala ya kuongea na mtu. Alifungua ile mistari aliyoiweka kando, akailinganisha upya na ile ya kwanza. Mkono haukuwa na kosa. Ule mstari mmoja hugeuka kila mtu anapobonyeza upya, ili kitanda kijue kwamba hili ni bonyezo jingine, si lile la kwanza ambalo kidole hakijaliachia. Rimoti yake haikuugeuza. Alipokuwa akipandisha na kushusha, amri zilibadilishana, hivyo hakugundua. Ushahidi alikuwa nao tangu siku ya kwanza, na alimsingizia mwanamke.

Baada ya wiki mbili alibisha hodi. Mshonaji alifungua, amevaa gauni jeusi lisilopigwa pasi. Kitanda kilikuwa palepale, kimetandikwa.

"Kosa ni langu," Fundi alisema mlangoni, akamweleza lote, bila kujitetea. Akampa rimoti nyingine, aliyoirekebisha.

Mshonaji alibonyeza. Kitanda kilipanda. Akabonyeza tena, kikapanda. Mara sita, hadi juu kabisa, mto ukateleza ukaanguka sakafuni. Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, kama mtu ambaye hajawahi kulia kabla.

"Ingefanya hivi siku ile, mama angekuwepo?"

Daktari alikuwa amesema maji yalishajaa mno. Fundi angeweza kujificha nyuma ya maneno hayo.

"Sijui," alisema. "Labda. Sitajua kamwe."

Mshonaji alijifuta kwa kiganja. "Nakupenda, na nina hasira nawe. Siwezi kutenganisha."

"Nipe vyote."

Mshonaji aliokota mto, akaurudisha kitandani. Kisha akabonyeza kushusha, tena na tena, na kitanda kikateremka taratibu, kikiunguruma, hadi chini.

"Kesho nakipeleka kwa mama mmoja tuliyekuwa naye wodini," alisema. "Uje tukibebe. Na utampimia mara sita mfululizo, amelala humo, mimi nikiona."

"Nitakuja."

"Saa mbili asubuhi, Fundi. Usichelewe."